Kabati la Kioo na Mwanahiti wa Zena

Mtakaokalia kiti changu mtakuta kwenye droo ya kushoto rekoda ambayo mfuniko wake haufungi, kanda chache zilizopindapinda kwa joto, na ufunguo mdogo wa shaba. Rekoda na kanda vinajieleza vyenyewe. Ufunguo ndio ulionifanya nikae chini niandike, maana najua atakayeukuta atauliza ni wa nini, na nisipokuwapo wa kumjibu ataujaribu kwenye kila kufuli ya wilaya hii.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilipanda kidogo, nikakaa hapo. Mshahara wetu kila mtu anaujua. Nimeomba kustaafu mapema, ningali na meno yote, kwa sababu moja tu: mimi sikai mahali. Kabla ya kazi hii nilikuwa karani wa mashamba ya mkonge, nikawa kondakta wa basi la Tanga, nikafundisha kwa muda Pangani, na kote huko nilikuwa naiwaza Bagamoyo. Nilipopata kazi Bagamoyo nikaanza kuiwaza Pangani. Kazi ya Bwana Utamaduni, yaani afisa utamaduni wa wilaya, ilinifaa kwa kuwa ilinilipa nitangetange. Mmeniomba niwaandikie niliyojifunza, nami nimejaribu. Kila ninaloliandika kama somo, nikiligeuza upande wa pili nakuta swali.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa rekoda, mkoba wake wa ngozi, na amri ya kuhifadhi ngoma za wilaya. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na neno utamaduni lilikuwa jipya kama nguo ya Idi. Mkuu wangu hakujua namna ya kuiwasha mashine, nami sikujua, tukawa tunapokezana kuigeuzageuza kama watu wanaochagua papai. Aliyetuonyesha ni dereva.

"Huku ndiko inakosikia," akasema akigusa kipaza sauti, "na huku ndiko inakokumbuka. Mkivuta waya huu, itasikia yote na haitakumbuka kitu. Kama mimi nikiongea na mke wangu."

Huyo ndiye Bwana Kombo, Mkwere wa Miono, na ndiye mwalimu wangu wa kazi. Cheti cha ualimu huo hana. Safari yetu ya kwanza ilikuwa kijiji kimoja karibu na Msata. Nikasimama mbele ya wazee, nikawaambia kwa Kiswahili changu cha sekondari kwamba serikali imenituma nije kuzihifadhi ngoma zao. Mzee mmoja akamgeukia mwenzake, mimi hakuniuliza: "Kwani zimeanza kunuka?"

Walicheka hata ngoma ikachelewa kuanza. Garini, tukirudi, Kombo aliniambia, "Bwana mdogo, kesho sema umekuja kusikiliza. Ukisema kuhifadhi, watu wanamfikiria ng'onda, samaki wa kukaushwa." Tangu siku hiyo nilisema nimekuja kusikiliza, na kwenye ripoti nikaandika nimehifadhi.

Mengine niliyoyapata kwa Kombo ni haya. Betri zikichoka, ziwekeni juani juu ya boneti, zitawapa nyimbo mbili zaidi. Mkienda kijijini bebeni sukari na mafuta ya taa, na salamu zisiharakishwe. Iwasheni mashine kabla ngoma haijaanza, wakati watu wanagombana nani aongoze, maana humo ndimo wanamowataja mafundi wao wa zamani. Mkiambiwa jina la wimbo, muulizeni na mtu wa pili. Wa tatu msimwulize.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Landrova yetu ilikuwa ya idara mbili, Utamaduni na Elimu, na petroli ilipokuwa adimu tulisafiri pamoja: Bwana Elimu mbele, mimi nyuma na mashine mapajani. Mimi nilitumwa kurekodi nyimbo za wali, yaani wasichana waliovunja ungo wakawekwa ndani kufundwa. Bwana Elimu alitumwa kuwatoa wasichana haohao ndani waende shule. Kijiji kilekile, mlango uleule, mara nyingine asubuhi ileile. Kombo akikaribia kijiji alipunguza mwendo na kugeuza shingo.

"Leo tunawasifu au tunawagombeza? Niambieni mapema nijue pa kuegesha."

Bwana Elimu alikuwa na barua ya serikali, nami nilikuwa na barua ya serikali, na mhuri ni uleule.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Bi Tabu. Alikuwa kungwi wa kijiji kimoja mbele ya Miono, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyaeleza nilikaa kwake siku kadhaa nikiandika habari za mkole, ngoma ya kumtoa mwali. Aliniambia mkole ni mti, na ngoma imeitwa hivyo kwa kuwa inachezwa chini yake. Bila mti huo, akasema, hakuna kilichofanyika. Mwanamume haoni. Asiyechezwa naye haoni. Nikayaandika yote na kuyapigia mstari.

Alinionyesha pia mwanahiti, kwa kitambo kidogo tu, amemfunika nusu kwa kanga. Maana yake ni mtoto wa mti: kipande kifupi mfano wa mchi, hakina mikono wala miguu, kichwani kina matuta mawili ya nywele na shingoni ushanga wenye kifungo cha shati cha buluu. Mwali hupewa huyo akiwa ndani. Humpaka mafuta ya mbarika, humvika ushanga, hulala naye, na siku ya kutolewa huchezwa naye. Akimpoteza kabla ya hapo, watu husema hatazaa. Wengine husema uwali wenyewe hautamtoka: ataolewa, atazeeka, bado ni mwali.

Aliyekuwa na mwanahiti huyo ni mjukuu wake, Zena. Alikuwa ndani, anasubiri mavuno ili achezwe, mara jina lake likatoka miongoni mwa waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, shule ya bweni ya wasichana huku pwani. Shule sitaitaja. Bwana Elimu alikwenda amejiandaa kwa vita. Hotuba yake ilikuwa bado katikati Bi Tabu alipomkatiza.

"Nani kakwambia simtaki shule? Mimi nataka mtu wa kunisomea barua za mwanangu wa Mombasa. Huyu anayenisomea sasa anaruka mistari."

"Kwa hiyo umekubali, bibi?"

"Aende. Lakini aende na mwanawe. Likizo arudi tumcheze. Mjue kwamba mnachochukua leo ni miguu tu. Mwenyewe bado yumo ndani."

Tulimsafirisha Zena amefunikwa kanga mbili, maana mwali haonekani, na mwanahiti yumo kwenye sanduku lake la bati. Kila tulipopita kwenye matuta ya barabara aliweka mkono juu ya sanduku. Bwana Elimu aliandika kwamba amefaulu. Nami niliandika kwamba mila imeheshimiwa. Nadhani ndiyo mara pekee ripoti zetu mbili zilikubaliana.

Ofisi yetu ilikuwa imeziagiza shule zote ziwe na kona ya utamaduni. Agizo nililipiga taipu mwenyewe kwa vidole viwili. Shule nyingi zilitundika mkeka na kibuyu zikamaliza. Ile shule ya Zena ilikuwa na mwalimu mkuu mwanamke, Mwalimu Ndeshi, mtu wa bara, mchapakazi, ambaye agizo likimfika hulitimiza mpaka aliyelitoa aone haya. Alitengenezesha kabati la mninga lenye kioo mbele na kufuli ya shaba, akaliweka kwenye sebule ya ofisi yake. Kisha akatafuta cha kutia.

Muhula haujafika nusu nikaitwa. Alikuwa anakuja mgeni rasmi, na kabati lilihitaji kadi ya maelezo.

"Karibu, Bwana Utamaduni," Mwalimu Ndeshi alisema, uso unamng'aa. "Njoo uone hazina."

Mle ndani, juu ya kitambaa chekundu, alisimama mwanahiti. Alikuwa mweusi na anang'aa. Nikainama. Ushanga ulikuwa mweupe, na katikati yake kifungo cha shati cha buluu, kilekile nilichokiona kwa Bi Tabu.

"Kilikuwa kwenye sanduku la mwanafunzi, siku ya ukaguzi wa bweni. Kimejaa mafuta, kinaita sisimizi! Nimekiosha mwenyewe kwa sabuni, nikakipiga rangi ya viatu."

"Mwenyewe alikubali?"

"Hakusema neno."

"Hakukataa?"

"Nimekwambia hakusema neno. Tangu siku hiyo hasemi. Hata chakula anakiangalia tu. Matroni amempa dawa ya malaria."

Niliiandika kadi kwanza, kwa kuwa ndiyo niliyoitiwa: Mwanahiti, mtoto wa mti wa Wakwere, hutumika katika mafunzo ya wasichana. Mwalimu Ndeshi akaongeza kwa mkono wake: Cha kale sana. Halafu nikaomba kumwona mwanafunzi.

Zena aliletwa ukumbini amevaa sare, amekonda, mashavu yameingia ndani.

"Shikamoo," akasema, macho chini.

"Marahaba. Chakula cha hapa kikoje? Wenzako wanakula?"

"Wanakula."

"Na wewe?"

Aligeuza uso kuelekea sebule ya ofisi. "Wamemfungia, baba," akasema. "Kila anayepita anamwona. Na wamempaka rangi ya viatu."

Nikamwuliza, kwa upole nilioweza, kama anaamini kweli kwamba bila yule hatazaa. Alifikiri kama mtu aliyepewa swali la haki.

"Mwalimu wa baiolojia ametufundisha uzazi. Nilijibu maswali yote nikapata vema. Lakini yale yalikuwa maswali yake." Akazungusha kifungo cha sare yake. "Mimi sijui, baba. Najua nikilala mikono haina pa kukaa."

Nikarudi kwa Mwalimu Ndeshi, nikamwomba amrudishie. Hakukasirika. Ningeshukuru kama angekasirika.

"Nikimrudishia, kitakwenda wapi?" akauliza. "Sandukuni. Kutoka hapo kitakwenda kijijini, mchwa watakila. Hapa kina kioo, kina kufuli. Agizo la kuhifadhi lilitoka kwako au kwangu?"

"Kwangu."

"Basi nisaidie nikuelewe. Kingekuwa kinyago kipya, vile vya kuwauzia wageni, ningekirudisha leo hii. Lakini hiki ni cha kale. Hatuna kingine."

Kila neno lililonijia lilikuwa limo kwenye agizo langu, upande wake.

Kesho yake Kombo alinipeleka kijijini kwa Bi Tabu. Tulimkuta yuko shambani, tukamsubiri barazani pamoja na Sefu, jirani yake, fundi wa vinu na mizinga ya nyuki. Ili kupitisha muda nikamwuliza Sefu kama anakijua kisanamu cha Zena, na kama ni cha siku nyingi.

"Yule? Nilimchonga mimi," Sefu akasema, anapuliza vumbi la mti kwenye goti. "Wa kwanza alikwisha na mchwa. Huyu hata mvua za masika hajaziona sana."

Nikapata matumaini. Kumbe ni kipya! Kufuli ile ingefunguka kwa neno moja. Bi Tabu alipofika, amebeba kuni, nilimweleza yote: kabati, sabuni, Zena asiyekula, na maneno ya mwalimu. Alikaa chini na kuni zake bado kichwani.

"Lakini ni jambo jepesi, bibi," nikasema. "Twende, umwambie mwalimu kwamba amechongwa na Sefu juzijuzi. Atamrudisha papo hapo."

Alinitazama kama nimemwambia abadili dini.

"Yule ni wa bibi yangu."

"Lakini Sefu amesema..."

"Sefu!" akaita, na Sefu alikuwa hatua chache tu kutoka pale. "Yule mtoto wa Zena ulimchonga wewe?"

"Mimi."

"Ni wa nani?"

"Wa bibi yako."

"Unasikia?" Bi Tabu akaniuliza.

"Nasikia kwamba amemchonga yeye!"

"Ndiyo," Sefu akasema, "si nimekwambia?"

Nikamgeukia Kombo. "Usiniangalie mimi," akasema. "Mimi naangalia barabara." Alikuwa ameketi kwenye kigoda, barabara haionekani.

Hata hivyo alipanda garini, na njia nzima ya kwenda shuleni nilimbembeleza. Nilimwambia Bi Tabu kwamba si lazima aseme uongo, aseme tu jina la fundi, basi. Alijibu kwamba akilisema jina hilo kwa namna ninayoitaka mimi, mwalimu atarudisha kipande cha mti, na Zena kipande cha mti anacho kwenye kila dawati. Kisha akasinzia, furushi lake mapajani.

Mwalimu Ndeshi alimpokea vizuri. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Bi Tabu aliitikia marahaba, akakiacha kiti, akaketi sakafuni na mgongo kwenye kabati. Zena akaitwa. Alipomwona bibi yake alipiga magoti, na Bi Tabu akampapasa uso kama anayepima embe.

"Mama, shule inashukuru kwa hazina hii," Mwalimu Ndeshi alisema. "Tungependa kujua, kina umri gani?"

Nilimkazia Bi Tabu macho. Jina moja tu.

"Wa bibi yangu," akasema.

"Umesikia, Bwana Utamaduni? Hilo liandike."

"Na huyu je?" Bi Tabu akamshika Zena mkono. "Huyu naye wa bibi yangu. Mtie humo. Mtoto mchanga hakai peke yake."

"Mama, huyu ni mwanafunzi."

"Na yule ni mwanawe. Umemfungia mtoto wa mtu, mwalimu, ukamwosha kwa sabuni ya kufulia. Alilia?"

Mwalimu Ndeshi alianza kucheka, akaacha, maana hakuna aliyecheka naye. Bi Tabu alikuwa anafungua furushi. Kibuyu cha mafuta kikatoka, na unga uliofungwa kwenye jani la mgomba, na kanga mpya ambayo karatasi ya dukani bado imeibana.

"Likizo iko mbali na mjukuu wangu anaisha," akasema. "Nitamcheza hapahapa. Wanaume, nje." Kisha akamwinulia mwalimu uso. "Na asiyechezwa haoni. Wewe, mwanangu, kwenu ulichezwa?"

Mwalimu Ndeshi alinitazama mimi, akautazama mlango, akaitazama saa ya ukutani. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana agizo la kutimiza.

"Bwana Utamaduni," akasema polepole, "tafadhali toka nje. Ufunge mlango."

Alijibu nini, sijui. Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi, mimi na Kombo. Kwanza ilisikika sauti ya Bi Tabu, chini, kama mtu anayeongea na sufuria. Kisha mtu ndani akapiga ndoo, kigelegele kikatoka, na wasichana wakaja mbio kutoka mabwenini, wengine na vijiko vya chakula mkononi. Matroni alifungua mlango nusu. Waliochezwa kwao waliingia, na wasiochezwa walibaki ukumbini wenyewe, wanatazamana. Walioingia walikuwa wa makabila ambayo sikuyategemea. Nilisikia wimbo wa Kikwere unaanza, unaitikiwa kwa lugha nisiyoijua, kisha ndoo inabadilika, na wimbo mwingine kabisa unaanza na Bi Tabu anauitikia.

Rekoda ilikuwa mapajani mwangu. Betri zilikuwa mpya. Kwa miaka yote ya kazi yangu sikupata kuwa karibu na mkole namna hiyo.

"Mlango umefungwa," Kombo akasema.

"Umefungwa, ila sauti inatoka."

"Inatoka, ndiyo. Ila umefungwa."

Kidole changu kilikuwa juu ya swichi. Sikuibonyeza. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, kwenye mabasi hasa, na mpaka leo sijui kama ile ndiyo siku niliyofanya kazi yangu vizuri kuliko zote, au siku ambayo sikuifanya kabisa. Msije mkalichukua kama mfano. Wala msilichukue kama onyo.

Jua lilikuwa linakaribia kutua walipotoka. Zena alikuja mbele, amevaa kanga mpya, uso unang'aa mafuta, na mgongoni amefungwa mwanahiti kama mtoto yeyote. Rangi ya viatu ilikuwa imemtoka. Alinisalimu kwa sauti iliyosikika, akapita kwenda jikoni. Nyuma yake alitoka Mwalimu Ndeshi. Alikuwa na unga kwenye paji la uso, na hakuufuta. Nyuma yake, kupitia mlangoni, niliona kabati liko wazi.

Akanipita, akamfuata Zena jikoni.

Njiani kurudi kijijini nilimgeukia Bi Tabu. "Imetimia?"

"Imetimia."

"Bila mti wa mkole?"

"Mti ulikuwa mbali. Tumeuomba radhi."

"Lakini mwaka jana uliniambia bila mti hakuna kilichofanyika! Nimeandika!"

"Mwaka jana," Bi Tabu akasema, anafunga macho, "ulikuwa unaandika."

Kombo alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Mgeni rasmi alikuja wiki hiyo. Hapakuwa na nafasi ya kutafuta kitu kingine, na kadi yangu ilikuwa imekwisha kubandikwa kwenye kioo kwa gundi isiyobanduka. Aliinama, akaisoma yote, pamoja na lile neno la mwisho, akakitazama kitambaa chekundu kwa muda. Akanyoosha mgongo. Alisema anafurahi kuona vitu vyetu vinatunzwa. Mwalimu Ndeshi alikuwa anaitazama dari. Wageni walipoondoka alinipa ufunguo.

"Kaa nao wewe," akasema. "Ukibaki kwangu nitatia kitu."

Baada ya hapo miaka ilikimbia. Vijiji vikahamishiwa barabarani, nyumba ya Bi Tabu pamoja navyo, na mti wa mkole ukabaki peke yake porini. Bi Tabu alifariki, Mungu amrehemu, na waliomzika wanasema alichezewa ngoma tatu ambazo mimi sina hata moja kwenye kanda. Wanaokuja ofisini kusikiliza nyimbo za wali wa Miono nawawekea nilichonacho: nusu ni kikohozi cha Bwana Elimu.

Zena nilikutana naye Msata, mwaka huu wa mwisho, anasubiri basi. Ni mwalimu wa shule ya msingi Mapinga. Alikuwa na binti yake, mdogo, amemshika sketi. Tulisalimiana, tukaulizana habari za walio hai, kisha nikamwuliza kama mwanahiti bado yupo.

"Yupo, baba. Mchwa walimmaliza, nikamwomba mtoto wa Sefu anichongee."

"Basi huyu wa sasa ni mpya."

Akanitazama. Jicho lile nililijua.

"Ni wa bibi yangu," akasema.

Nikamwuliza kama binti naye atachezwa. Akacheka, akamfuta mtoto pua. Alisema hajui. Alisema kazi yake mwenyewe sasa, kila shule ikifunguliwa, ni kupita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wali waletwe darasani, na akifika mlangoni anasimama kwanza, hajui aanze na salamu ya ualimu au ile ya waliochezwa. Basi likaja. Nilimsaidia kupandisha furushi, na sikuuliza ndani yake kuna nini, ijapokuwa alinionya nisililaze kifudifudi.

Shuleni nilipita wiki ya kuaga. Mwalimu Ndeshi amehamishwa zamani. Kabati lipo palepale, kioo kinafutwa, kitambaa chekundu kimepauka, kadi inasomeka. Msichana wa kidato cha pili ndiye anayewatembeza wageni.

"Chenyewe kiko wapi?" nikamwuliza.

"Kimehifadhiwa, mzee."

"Wapi?"

"Hilo hatujafundishwa."

Basi ndio ufunguo huo. Mtaambiwa mtie kitu humo, na mwenye kuwaambia atakuwa na hoja nzuri kuliko zangu. Fanyeni mtakavyoona. Mimi ninachoweza kuwaeleza kwa hakika ni kimoja. Jioni ile, Zena akiwa jikoni anakula na Bi Tabu ananawa mikono, mimi ndiye niliyebaki mwisho pale sebuleni. Kabati lilikuwa wazi na halikuwa na kitu. Nililifunga. Kisha nikalivuta tena, nihakikishe limeshika.